KICHEKO NI DAWA, LAKINI SI KILA KICHEKO

Somo la vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma pamoja: Mwanzo 18:9-15, Mwanzo 21:1-7, Zaburi 126, Mithali 14:13, Mithali 17:22, Mithali 26:18-19, Mhubiri 3:1-4, Luka 6:21

Shabaha ya somo: Kutambua kicheko kinachojenga na kinachobomoa, na kujifunza kukitumia kicheko kizuri kupunguza mzigo wa mawazo.



Jumapili moja hapa Buterere, mhubiri alikuwa anafundisha juu ya parapanda ya mwisho. Alipofika mahali pa kusema kwamba sauti itasikika kutoka juu, ndege iliyokuwa inashuka uwanjani ilipita juu ya mabati yetu kwa kishindo. Sauti hiyo wote mnaijua. Mhubiri akanyamaza. Mama mmoja mzee, ambaye amengoja safari ya Amerika kwa miaka mingi, akasema bila kutarajia: "Ee Mungu wangu, imenipita tena!" Kanisa lote likacheka. Mhubiri alicheka mpaka akashika meza. Mama mwenyewe alicheka kuliko wote, huku akifuta machozi kwa kitenge.

Baada ya ibada, ndugu mmoja alitufuata hali amekasirika. Yeye ni mmoja wa wale waliovuka Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025, na wengine wa jamaa yake hajui waliko mpaka leo. Aliuliza: "Tunawezaje kucheka, tena kanisani, wakati watu wetu wanakufa kule nyumbani?"

Swali hili si la mchezo. Wengi wetu tunalibeba moyoni bila kulisema. Kuna mama anayejisikia mwenye hatia kila anapocheka, kana kwamba amemsahau marehemu wake. Kuna baba ambaye hajacheka na watoto wake tangu walipofika Burundi, na watoto wameanza kumwogopa. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili.

1. BIBLIA INAJUA KICHEKO CHA NAMA NYINGI

Tuanze na Sara. Alikuwa mzee, na maisha yake yalikuwa ya hema na ya kuhamahama. Aliposikia kwamba atazaa mtoto, alicheka ndani yake. Hicho hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyengoja mpaka akachoka, ambaye hataki tena kudanganywa na tumaini. Wengi wetu tunacheka hivyo tukisikia habari za amani ya Kongo au habari za safari. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wako waliocheka hapa kwetu, na kicheko chao kilikuwa cha Sara.

Angalieni jinsi Mungu alivyomtendea. Alimwuliza kwa nini amecheka, lakini hakumfukuza wala hakuiondoa ahadi. Katika Mwanzo 21 mtoto anazaliwa, naye anaitwa Isaka, jina ambalo maana yake ni kucheka. Sara anasema kwamba Mungu amempa kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Kinywa ni kile kile, bali kicheko cha pili si kama cha kwanza.

Halafu someni Zaburi 126. Ni zaburi ya watu waliotoka utumwani na kurudi kwao. Vinywa vyao vilijaa kicheko. Lakini zaburi hiyo hiyo inataja wanaopanda wakilia. Mungu hakuona haya kuweka machozi na kicheko katika wimbo mmoja. Mhubiri 3 naye anasema kila kimoja kina wakati wake. Wala hakusema kwamba wakati wa kulia lazima uishe kabisa ndipo wakati wa kucheka uanze. Wale tuliokaa matangani tunajua: katikati ya usiku mtu hukumbusha kituko cha marehemu, watu wakacheka, kisha wakalia tena. Hakuna aliyemdharau marehemu. Walimkumbuka jinsi alivyokuwa.

Majirani zetu wa Tanzania wanalo jambo hili katika desturi ya utani. Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kuwachokoza wafiwa na kuwatania, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kila mtu anajua kwamba amekuja kuwainua.

2. KICHEKO KINAFANYA NINI MWILINI

Mithali 17:22 inafundisha kwamba moyo mchangamfu ni kama dawa, na kwamba roho iliyovunjika hukausha mifupa. Walioandika maneno haya hawakuwa na maabara, lakini yale ambayo wataalamu wameona yanakwenda njia hiyo hiyo.

Mtu anapocheka kwa nguvu, misuli ya tumbo na ya kifua inasukuma hewa nje mara nyingi kwa haraka. Moyo unapiga mbio kidogo. Kicheko kikiisha, pumzi inatulia na misuli inalegea. Ndiyo maana mtu aliyecheka sana huishiwa nguvu mikononi, hata akaangusha kikombe. Mtu mwenye mawazo mengi hukaza mabega, shingo na meno siku nzima bila kujua. Kicheko kinaufungua mwili huo kwa muda.

Mwaka 2011 mtaalamu Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walipima uwezo wa watu wa kuvumilia maumivu kabla na baada ya kutazama picha za kuchekesha. Waliocheka waliweza kuvumilia zaidi kuliko waliotazama picha zisizochekesha. Wataalamu hao wanafikiri sababu ni endofini, vitu ambavyo ubongo wenyewe hutengeneza ili kupunguza maumivu.

Mwingine, Robert Provine wa Marekani, alisikiliza vicheko vya watu wa kawaida sokoni, njiani na shuleni. Aliona mambo mawili. La kwanza, mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. La pili, mara nyingi watu hawacheki kwa sababu ya kichekesho hodari. Wanacheka kwa maneno ya kawaida kabisa, kwa kuwa wako pamoja. Hapa kuna fundisho kubwa kwetu. Huhitaji televisheni wala mchekeshaji. Unahitaji mtu wa kukaa naye.

Tena yuko Norman Cousins, mwandishi wa magazeti wa Marekani, aliyeugua mwaka 1964 ugonjwa wa viungo wenye maumivu makali. Alieleza baadaye kwamba dakika 10 za kicheko cha kweli zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Madaktari hawakukubaliana wote juu ya kilichomponya, na sisi hatufundishi kwamba kicheko kinaponya kila ugonjwa. Malaria inataka dawa ya malaria. Lakini usingizi wa saa mbili si kitu kidogo kwa mtu ambaye halali.

3. HABARI YA KASHASHA

Sasa tusikie habari nyingine, ya hapa karibu, ili tusifikiri kwamba kila anayecheka ana furaha.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule moja ya misheni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaenea kwa wenzao. Kati ya wanafunzi 159, walishikwa 95. Wengine walicheka kwa saa chache, wengine hali hiyo iliwajia na kuwaachia kwa siku kadhaa, na aliyekaa nayo muda mrefu zaidi alikaa siku 16. Walicheka, wakalia, wakahangaika, na waliposhikwa walipigana. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, jambo hilo likatokea katika vijiji pia. Huko Nshamba peke yake walishikwa watu 217.

Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, wasione sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekufa. Walimaliza kwa kusema kwamba huu ulikuwa msukosuko wa nafsi ulioenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wengine waliochunguza habari hii baadaye wameeleza kwamba wasichana hao walikuwa na mzigo mzito: shule ya bweni yenye masharti makali, matarajio makubwa ya wazazi, na nchi iliyokuwa imepata uhuru majuma machache tu nyuma, tarehe 9 Desemba 1961, ambapo kila kitu kilikuwa kinabadilika. Hawakuwa na mahali pa kusema kwamba wamelemewa. Mwili ukasema kwa niaba yao.

Ndugu, mara nyingi watu husimulia habari ya Kashasha kama kichekesho. Sivyo ilivyokuwa. Ilikuwa ni shida iliyovaa nguo za kicheko.

4. KICHEKO KINACHOFICHA

Katika kikundi chetu cha Jumatano alikuwako ndugu mmoja tuliyempenda sana kwa sababu ya ucheshi wake. Hatutaji jina, naye ametupa ruhusa kusimulia. Alijua kuigiza kila mtu: mzee wa kanisa anayesoma matangazo, mama anayebishana bei ya ndagala, kijana anayejifanya anajua Kifaransa. Kikundi kikiwa kizito, tulimwambia, "Ndugu, tuchekeshe." Naye alituchekesha kila juma.

Majuma mawili hakuja. Tulisema labda amepata kibarua. Juma la tatu mke wa jirani yake alikuja kutuambia kwamba mtu huyo hali, hatoki ndani, na ametamka kwamba amechoka kuishi. Tulikwenda usiku ule ule. Mimi ninayeandika somo hili nilikuwa mmoja wao. Alituambia: "Ninyi mlikuja kwangu kuchukua kicheko. Hakuna aliyeniuliza mimi nachukua wapi."

Neno hilo limebaki nami. Mithali 14:13 inasema wazi kwamba hata mtu anapocheka, moyo wake unaweza kuwa na maumivu. Tulikuwa tumelisoma andiko hilo katika kikundi, na yeye alikuwa amekaa pale pale.

Mungu alimhifadhi. Tulikaa naye kwa zamu. Tulimsindikiza kwa wahudumu wa afya, akapata matibabu, na sasa yuko vizuri zaidi. Bado ni mcheshi, lakini sasa tunamwuliza habari zake kwanza.

Kwa hiyo tukumbuke: ukimwona mtu halali majuma mawili au zaidi, hataki chakula, amejitenga, anasema maisha hayana maana, au anazungumza juu ya kufa, usimwambie, "Changamka tu, cheka." Kaa naye, usimwache peke yake, na mwende pamoja kwenye kituo cha afya. Kule Kamenge kuna kituo cha magonjwa ya akili kinachosimamiwa na Mabruda wa Upendo. Kwenda huko si aibu wala si kukosa imani. Anayevunjika mguu tunampeleka hospitali na kumwombea. Anayevunjika moyo tumfanyie vivyo hivyo.

5. KICHEKO KINACHOUMIZA

Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemdanganya jirani yake, kisha akasema alikuwa anatania, na mwenda wazimu anayerusha moto na mishale. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba tunaujua moto huo. Mtu anacheka matamshi ya mwenzake. Mwingine anacheka kabila. Vijana wanawacheka watoto wanaookota vitu jalalani, wakati wengine wao walikula jana kwa sababu mama yao aliokota pale pale. Wakubwa wanamcheka mwanamke aliyeachwa na mume. Halafu wanasema, "Tunatania tu."

Utani wa kweli unahitaji watu wawili. Kama anayechekwa hacheki, hapo hakuna utani, kuna uonevu. Tumieni maswali haya matatu kujipima:

(a) Je, yule ninayemcheka, yeye anacheka pia?
(b) Je, ningesema neno hili akiwa amekaa mbele yangu?
(c) Kicheko kikiisha, tutakuwa tumekaribiana au tutakuwa tumeachana?

Na tukumbuke kwamba Bwana Yesu mwenyewe alichekwa. Katika Luka 8, alipofika nyumbani kwa Yairo na kusema mtoto amelala, watu walimcheka kwa dharau. Anajua jinsi inavyouma.

6. TUFANYE NINI JUMA HILI?

Kwanza: Neno moja la kuchekesha kila jioni. Mkiisha kula, kabla ya sala, kila mtu wa nyumba aseme jambo moja lililomchekesha siku hiyo. Likikosekana, aseme la zamani. Baba aanze. Watoto wakimsikia baba akisimulia jinsi alivyoteleza kwenye matope mbele ya watu, watajua kwamba baba bado yuko.

Pili: Kisa cha kesho. Viktor Frankl, daktari Myahudi wa mji wa Vienna, alifungwa katika kambi za mateso wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alieleza baadaye kwamba yeye na mfungwa mwenzake waliahidiana kutunga kila siku kisa kimoja cha kuchekesha kuhusu maisha yao baada ya kufunguliwa. Kule kambini kila mtu alitamani mchuzi uchotwe kutoka chini ya sufuria, mahali zilipobaki njegere. Basi walijicheka wakisema: siku moja tutaalikwa chakula cha heshima, nasi tutasahau, tutamwomba mama wa nyumba atuchotee kutoka chini! Jaribuni ninyi pia. Tukirudi Uvira, Fizi au Bukavu, ni nani atakayeamka usiku kupanga bidoni kwenye foleni ya maji wakati bomba liko uani? Kisa cha namna hiyo kina imani ndani yake, kwa maana anayejicheka kwa habari ya kesho ameamini kwamba kesho ipo.

Tatu: Wape wazee nafasi yao. Kwetu babu na bibi wana ruhusa ya kutaniana na wajukuu. Babu anamwita mjukuu wake mke wake, mjukuu anamwambia babu hana meno ya kula mahari. Ukimbizini wazee wengi wamenyamaza kwa sababu wanajiona mzigo. Wapelekeeni watoto. Itakuwa dawa kwa pande zote mbili.

Nne: Kicheko cha makusudi. Mwaka 1995 daktari Madan Kataria alianza na watu watano tu katika bustani moja ya mji wa Mumbai, India. Walikuwa wanasimama pamoja na kucheka. Vichekesho vilipowaishia, waliendelea kucheka kwa makusudi, wakaona kwamba kicheko cha kulazimisha hugeuka upesi kuwa cha kweli. Viongozi wa vijana na wa shule ya Jumapili, jaribuni: simameni duara, vuteni pumzi mara tatu, halafu ha-ha-ha kwa dakika mbili, mkitazamana. Mwenye ngiri, mwenye mshono wa upasuaji au mwenye pumu asilazimishwe.

Tano: Mtembelee mmoja ambaye hujamsikia akicheka. Usiende kumchekesha. Nenda ukae. Msaidie kuchambua mchele au kuwasha makaa. Warumi 12:15 inatuagiza kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia. Ukianza kwa kulia naye, siku moja atacheka nawe.

7. JIBU KWA NDUGU YETU

Turudi kwa ndugu aliyeuliza tunawezaje kucheka. Hatukumjibu sisi. Yule mama mzee alisikia, akamwita akae karibu naye kwenye benchi. Alimwambia: "Mwanangu, mimi nimezika watatu. Usiku wa kuamkia leo sikulala kwa mawazo. Sijacheka kwa sababu nimewasahau. Nimecheka kwa sababu yule wa pili, kama angekuwa hapa na kuisikia ile ndege, yeye ndiye angesema vile. Nimesema badala yake."

Ndugu yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamsimulia juu ya mdogo wake, aliyekuwa anamwigiza chifu wa kijiji chao. Alipofika katikati ya kisa, alicheka. Halafu akalia, na mama akamshika mkono mpaka alipomaliza.

Bwana Yesu aliahidi katika Luka 6:21 kwamba wanaolia sasa watacheka. Ahadi hiyo itatimia kabisa siku ile tutakapofika nyumbani kwa Baba. Lakini hata sasa anatuonjesha kidogo kidogo. Tusikatae.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Sara alicheka mara mbili. Kicheko chako cha siku hizi kinafanana na kipi? Kwa nini?
2. Je, kuna mtu katika kikundi chetu ambaye hutuchekesha siku zote? Ni lini tulimwuliza habari zake?
3. Habari ya Kashasha inatufundisha nini juu ya vijana wetu na mizigo wasiyoweza kuisema?
4. Ni utani gani hapa mtaani kwetu ambao tungepaswa kuuacha?
5. Kila mmoja atunge kisa kimoja cha kesho na kuwasimulia wengine.

SALA

Ee Bwana, uliyempa Sara kicheko katika uzee wake, utazame nyumba zetu. Waliolemewa uwainue. Wanaoficha maumivu uwape mtu wa kuwasikiliza. Utulinde na kicheko cha dharau. Utujaze furaha isiyosahau wafu wetu wala isiyowasahau walio hai. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.